Gauni la Bibi Ysapy

Kabla jogoo wa Don Críspulo hajawika, mchi ulianza kugonga kinu upande wa pili wa ua. Tu, tu, kimya kidogo, tu. Ña Eligia, maana huko wazee wa kike huitwa Ña na wa kiume Don, alikuwa macho, kama wazee wengi wanavyokuwa saa hizo, na bila kuinuka alijua kwamba jirani yake Ña Hermelinda amewasha moto na anaponda majani ya dawa ya kutia asubuhi kwenye mate, kile kinywaji chao kichungu cha majani na maji ya moto.

Akangoja. Mchi ukanyamaza. Mlango wa jikoni wa jirani ukalia bawaba, ukafungwa. Hakuna aliyekuja.

Wajane hao wawili walikuwa wakinywa mate pamoja kila alfajiri, leo jikoni kwa huyu, kesho kwa yule, wakipokezana kibuyu kimoja na mrija mmoja wa chuma. Marehemu mume wa Eligia aliwatolea mbao mbili kwenye ua wa mpakani ili wasizunguke barabarani gizani, na akazipigia msasa kingo zake wasije wakararua sketi. Sasa zilikuwa zimepita siku kadhaa Hermelinda hajapita kwenye pengo lile. Eligia alidhani ni baridi, maana upepo wa kusini ulikuwa umeanza. Halafu akadhani ni uchovu wa kazi ya televisheni. Mwenyewe hakuwa na jambo moyoni, kwa hiyo hakufikiri kwamba mwenzake analo.

Mambo yalianzia kwenye vitabu. Vilikuwa vitatu, vimeandikwa na mwalimu mmoja wa kike kwa ajili ya vijana, na vilisimulia habari za mji ulio chini ya ziwa lao. Hakuna kijana wa Areguá, mji wao huo wa Paraguay, aliyekuwa hajavisoma. Yanina, mjukuu wa Eligia, msichana wa sekondari anayelelewa na bibi yake, alikuwa navyo vyote vitatu, vimefunikwa kwa plastiki, na hakumwazima mtu mwenye mikono michafu. Katika vitabu hivyo kulikuwa na Bibi Ysapy, mlinzi wa mlango wa mji. Yeye ndiye aliyeyaweka mdomoni majina ya siri ya watoto wote, kwa sababu anayelijua jina la mtoto anaweza kumvuta topeni. Bwana wa Tope anamtesa ayataje, yeye anafumba mdomo, na mwishowe anageuka jiwe pale ukingoni. Yanina aliwahi kumsomea bibi yake ukurasa huo wakati bibi akishona, na bibi akalazimika kuweka sindano chini.

Basi watu wa televisheni wakaja kutoka Asunción, mji mkuu, wakitafuta kikongwe anayejua Kiguarani cha zamani, lugha ya wenyeji. Wakampata Hermelinda, aliyekuwa ameigiza maisha yake yote katika michezo ya Mateso ya Yesu ya parokia, siku zote akiwa mwanamke wa kusimama ukutani na kulia. Mtaa mzima ulifurahi kana kwamba ni mtoto wao kaitwa timu ya taifa. Don Críspulo mfinyanzi, aliyepanga barabarani sanamu za udongo za vyura na wachezaji mpira, akaongeza na Bibi Ysapy, na wageni wakamnunua zaidi kuliko vyura.

Kila Jumapili jioni watu walijazana kwa Eligia kutazama, na kiti kizuri aliwekewa Hermelinda. Mtoto wa mwuza nyama, mwenye miaka mitano, alizoea kukaa mapajani mwake. Sehemu nne za kwanza zilikwenda vizuri. Katika sehemu ya tano, Bibi Ysapy alisimama mbele ya Bwana wa Tope, akauliza atapewa nini, akaahidiwa ujana wake. Kisha mkono wake ukitetemeka juu ya kitasa, akayauza majina ya watoto, moja baada ya jingine.

Watu sebuleni waliguna. Eligia mwenyewe aliifokea televisheni, akamwita Ysapy mla watoto, kisha papo hapo akamgeukia Hermelinda akamuuliza kama amwongezee maziwa ya moto. Kwake hayo yalikuwa mambo mawili tofauti, kama chumvi na sukari zilivyo katika mikebe miwili. Hakuona mtoto wa mwuza nyama akiteremka polepole kutoka mapajani na kwenda kwa mama yake.

Wiki iliyofuata mji haukuwa na habari nyingine. Kwenye foleni ya mkate, mlangoni mwa kanisa, kwenye redio ya asubuhi, neno lilikuwa moja: kitabuni sivyo. Waliosema kwa ukali zaidi ni wale ambao hawajawahi kukifungua kitabu chenyewe. Mwuza nyama alisema yeye kusoma hasomi, lakini anajua kuwa bibi wa kweli hauzi wajukuu hata akiahidiwa meno mapya. Wengine walinunua Ysapy wa udongo wakampasua barabarani wakicheka. Don Críspulo aliona hivyo mara mbili tu, kisha akawaondoa wote waliobaki, akawaficha nyuma ya tanuri, akawa anasema wameisha. Hakumwambia mtu sababu.

Yanina ndiye aliyeumia kwelikweli. Alilia kwa ajili ya kile kitabu, kisha akakausha macho akajirekodi kwenye simu. Alijifunga shali, akashika kitasa cha mlango wa choo, akauchezesha mkono mpaka kitasa kikawa kinagonga mbao, huku akisema kwa sauti ya kikongwe, "Nipeni kazi nyingine, hata ya kukoroga uji." Watu walicheka mpaka Encarnación, mji wa mbali kusini. Video ikatazamwa na watu wengi kuliko walioko Areguá.

Ikakaribia sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Usiku huo kila mtaa hutundika Yuda wake juu ya mti, sanamu ya nguo kuukuu iliyojazwa nyasi kavu na fataki, na Yuda huyo hupewa sura ya mtu aliyeudhi watu mwaka huo, kisha huchomwa. Mwaka uliopita alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, naye alikuja mwenyewe kujitazama akiungua, akala na soseji. Vijana wa mtaa walipokutana safari hii hawakuhitaji kubishana. Yanina akaja kwa bibi yake, aliyekuwa mshonaji wa Yuda miaka yote, akamwomba gauni la bluu la Bibi Ysapy, lenye mikono mipana na ukosi mweupe.

Eligia alishona kwa moyo. Hakuwa na picha ya kufuatiza, wala hakumpima mtu. Mikono yake ilijikatia yenyewe. Alipomaliza alilifua gauni litoke vumbi la kitambaa cha zamani, akalitundika kwenye kamba karibu na ua, mahali anapoanika siku zote.

Kwa hiyo asubuhi hiyo, baada ya kusikia mchi na kungoja bure, Eligia alikunywa mate yake peke yake, akavaa sweta mbili, akatoka kwenda kuchukua mkate. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Mbele kidogo ya geti la Hermelinda, chini ya nguzo, alimwona rafiki yake amesimama, amempa mgongo, bega la kulia limeshuka chini ya lile la kushoto kama lilivyoshuka tangu alipoanguka kisimani akiwa msichana. Moyo wake ukafurahi. Akaongeza mwendo.

"Hermelinda, mama, unafanya nini kwenye baridi hii?"

Hakujibiwa. Akamfikia, akamgusa kiwiko, na kiwiko kikabonyea kama mto. Ilikuwa nyasi. Vijana walikuwa wamemjaza Yuda jana yake jioni na kumwegemeza hapo angoje kutundikwa. Uso ulikuwa gunia lililochorwa mkaa, wa mtu yeyote. Lakini mwili ulikuwa wa Hermelinda. Eligia alikuwa amemshonea nguo za kanisani, za sherehe na za msiba, kila mara akishusha bega la kulia vidole viwili ili nguo ikae, na safari hii pia mkasi ulikuwa umekwenda njia uliyoizoea. Alisimama pale ameshika mfuko wa mkate ambao haujatiwa mkate. Kisha akakumbuka kamba ya kuanikia, na dirisha la jiko la jirani linalotazama kamba hiyo.

Hakwenda tena kwa mwuza mikate. Alirudi, akachemsha maji, akapita kwenye pengo na chupa mkononi.

Hermelinda alimfungulia. Hakumkatalia mate, na Eligia aliuona huo kuwa wema, maana angeweza kusema ameshakunywa. Juu ya kiti kulikuwa na begi limefungwa. Alieleza kwa utulivu kwamba anakwenda kwa mwanawe Encarnación Alhamisi asubuhi, kabla ya usiku wa sikukuu, na kwamba huenda akakaa huko huko. Mwanawe amekuwa akimwomba kwa muda mrefu. Watu wa televisheni walikuwa wanataka jibu lake kuhusu msimu wa pili, naye atawaambia hapana.

Eligia alikaa na kibuyu mkononi mpaka kikapoa.

"Umeliona gauni," akasema.

"Niliona mabega yangu kwenye kamba yako."

"Sikukusudia, Hermelinda. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Najua. Ndiyo maana niliumia. Angenishonea adui, angekosea kipimo."

Eligia hakujitetea. Alisema tu kwamba yeye alimwona Ysapy mbali na Hermelinda mbali, na akadhani kila mtu anaona hivyo. Hermelinda akakubali kwamba ndivyo alivyodhani hata yeye, mpaka watoto walipoanza kuvuka barabara kila wakimwona. Mtoto wa mwuza nyama alimuuliza kwa adabu kabisa kama jina lake bado analo au ameshaliuza. Hilo, alisema, lilimchekesha mchana na kumliza jioni. Mwenye kuuza chipa, ule mkate mdogo wa jibini, naye kila asubuhi huacha moja ya moto juu ya nguzo ya geti bila kubisha hodi. Lakini mtu hawezi kuishi kwa chipa za kuonewa huruma.

Halafu akaunyosha mkono wake wa kulia juu ya meza. Ulikuwa unatetemeka, taratibu, kama jani ambalo upepo wake huuoni.

"Huu si wa Ysapy," akasema. "Ni wangu. Ulianza mwaka jana. Daktari amesema hautapona, utazidi. Sikumwambia mtu. Watu wa televisheni niliwaambia ni uigizaji, wakasema vizuri sana, bibi, endelea hivyo hivyo. Sasa mjukuu wako ameuonyesha dunia nzima na dunia imecheka. Sina hasira naye. Lakini siwezi kukaa hapa nikitazama mkono wangu unachekwa na mgongo wangu unachomwa."

Eligia alirudi nyumbani. Yanina alikuwa mezani anachovya mkate mkavu. Bibi yake hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa hivyo. Alivuta kiti, akamweleza yote, habari za gauni, za begi, na za mkono, akajitaja yeye kwanza na kosa lake, ndipo akaja kwenye la mtoto. Yanina aliacha kutafuna. Alisema hakujua. Bibi akamwambia anajua kwamba hakujua, ndiyo maana anamwambia.

"Nikiifuta video haitasaidia," Yanina akasema. "Watu wameshaichukua."

"Ifute hivyo hivyo."

Akaifuta. Kisha akatoka kwenda kwa vijana wenzake, na Eligia akasikia mabishano yao kutoka dirishani. Wengine walisema sikukuu ni keshokutwa, fataki zimeshashonewa ndani, nani ataanza upya.

"Kwa hiyo tumchome nani sasa? Kamati ya maji tena?" kijana mmoja akauliza.

"Mchome baba yako, anaringia pikipiki," mwingine akamjibu, wakacheka.

Yanina aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyelitaka gauni hilo na yeye ndiye anayelitaka lirudi, na asiyetaka kusaidia asimame kando asimkanyagie nyasi. Ilichukua muda. Mwishowe walimleta Yuda uani kwa Eligia wakimbeba kichwa na miguu kama mgonjwa, wakamvua. Eligia alitoa suruali ya marehemu mumewe, iliyokuwa imetoboka magoti, akawashonea upya. Kichwani wakamvika boksi la katoni, wakalichora kioo na vitufe vya televisheni. Mwuza nyama alipopita akasema hapo sasa wamempata mwenye kosa.

Gauni lilibaki mezani. Eligia alitaka kulirarua liwe matambara. Yanina akalikunja.

Kesho yake mchana alivaa sweta yake ya shule, akatia kitabu cha tatu kwapani na gauni juu ya mkono, akapita kwenye pengo. Bibi yake alimfuata mpaka uani, akabaki huko akijifanya anaokota vibanio. Mlango wa jiko ulikuwa wazi kwa ajili ya jua, na mazungumzo ya watu hao wawili yalimfikia vizuri.

Yanina aliishia kizingitini. Kisha akasema, kwa haraka, kama mtoto anayetema dawa, kwamba aliucheka mkono bila kujua, na kwamba hata kama ungekuwa wa kuigiza isingekuwa vizuri. Akaomba radhi. Hermelinda akamwambia akae, atakufa na baridi hapo mlangoni.

"Lakini bado nasema wameharibu kitabu," Yanina akaongeza. Eligia huko nje akafumba macho.

"Hata mimi nasema," Hermelinda akajibu.

Kiti kikakwaruza sakafu. Hermelinda alisimulia kwamba alikisoma kitabu kabla hajaitwa, alikiazima kwa padri, na alipopewa maneno ya sehemu ya tano alimwendea mkuu wa waigizaji akamwambia mwanamke huyu hafanyi hivi. Wakamwambia kitabu ni kitabu na televisheni ni televisheni.

"Sasa mbona ulikubali, Ña Hermelinda?"

"Kwa sababu nilisimama ukutani miaka yote, mwanangu. Veronika alikuwa na kitambaa, Magdalena alikuwa na nywele, mimi nilikuwa na ukuta. Hawa walinipa maneno. Wangeniambia nicheze kiatu, ningewauliza ni cha kulia au cha kushoto."

Yanina akacheka, kisha akanyamaza ghafla kama mtu aliyecheka msibani, na mwenzake akamwambia acheke tu.

Wakaanza kubishana. Yanina alisema hata kabla ya usaliti wenyewe, Ysapy wa televisheni alikuwa anatazama sana kamera. Hermelinda akasema hapo anamwonea. Alichokuwa anakitazama ni taa, aliambiwa ndiko uliko mji. Yanina akakubali kwamba hakulijua hilo. Hermelinda naye akakubali kwamba kilio cha sehemu ya pili kilizidi chumvi. Sauti zao zilipanda na kushuka, na Eligia alisikia ukurasa ukifunuliwa. Yanina alimwomba amsomee pale Bwana wa Tope anapouliza majina, kama ilivyo kitabuni.

Hermelinda akasoma. Hakupaza sauti. Pale Bwana wa Tope aliposema, taja, yeye hakusema kitu, na kimya hicho kikawa kirefu kuliko kile cha maandishi, mpaka kuku wa Eligia wakasikika wakiparua. Eligia alichungulia pengoni. Hermelinda alikuwa ameketi wima, midomo imefumbwa, na mkono wake wa kulia ukitetemeka juu ya meza. Yanina alikuwa ameweka wake karibu, haukugusa, ulikaa tu pale.

Waliporudi kuongea, Yanina alilikabidhi gauni. Alisema bibi yake hajui la kulifanyia. Hermelinda akalifunua, akaliweka kifuani, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega.

"Amelikata vizuri, shetani huyu," akasema. "La televisheni lilikuwa linaniteleza siku nzima." Akalishusha mapajani. "Nikiwaambia ndiyo, wale watu. Utanitukana tena?"

"Wewe, hapana," Yanina akasema. "Ysapy, ndiyo. Kama wataendelea na ujinga ule."

"Basi sawa. Huyo mtukane."

Eligia aliona begi la safari ya kesho bado liko juu ya kiti, limefungwa, na hakuna aliyeligusa. Hakuuliza. Aliokota kibanio cha mwisho, akapiga hatua ya kuondoka, lakini Yanina alikuwa ameshatoka na kitabu kwapani, na nyuma yake Hermelinda amesimama mlangoni, gauni limening'inia mkononi, akiwatazama wote wawili.

"Umemleta saa mbaya, Eligia, sina hata mate ya kumpa," akasema. Kisha akamgeukia msichana. "Tumeishia katikati ya sura. Mimi sipendi kuachwa katikati. Njoo tena kesho, mwanangu, alfajiri, na bibi yako. Njooni na maji ya moto."